Merikebu Iliyolala Chini ya Ngome

Mgeni aingiapo Ngome ya Yesu, Mombasa, huonyeshwa kwanza mizinga na kuta nene ambazo Wareno walianza kuzijenga mwaka 1593. Lakini sehemu moja ya historia ya ngome hiyo imelala baharini, mbele ya kuta hizo hizo. Ni manowari ya Wareno iliyoitwa Santo António de Tanná.

Mwezi Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira ngome. Njaa na maradhi yakawamaliza walinzi wake, hata katikati ya mwaka 1697 ulinzi ukawa mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza pamoja na jamaa zake na Waafrika wachache waliosalia. Septemba merikebu ile ikawasili ikileta msaada. Oktoba ilipoteza nanga zake, ikasukumwa hadi chini ya ngome, ikazama. Ngome nayo ilitekwa Desemba 1698.

Tope liliifunika merikebu kwa karibu miaka 280, na tope hilo hilo likaihifadhi. Kati ya mwaka 1977 na 1980, Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalishirikiana na wataalamu wa Marekani kuichimbua. Wazamiaji walishuka na mitungi ya hewa migongoni, katika maji yenye kiza na mkondo, wakafyonza tope kwa bomba. Kila kitu kilipimwa na kuchorwa pale pale kilipolala, ndipo kikainuliwa.

Huenda msomaji akauliza: taabu yote hiyo ya nini? Bakuli la kaure likichukuliwa na mtalii na kupambia sebule yake, litabaki kuwa pambo tu. Likipimwa mahali pake, hutusaidia kujua kama lilikuwa shehena au chombo cha kulia cha baharia. Aliondoaye bila kupima amerarua ukurasa ambao hauandikwi tena.

Na ukurasa huu una mengi ya kutufunza. Merikebu iliyobeba bendera ya Ureno iliundwa Bassein, pwani ya magharibi ya India, kwa mbao za msaji, na ndani yake mlikuwamo vyombo vya China. Basi tusemapo "merikebu ya Wareno" tunamtaja mwenye mali, tukiisahau mikono iliyoiunda. Vivyo hivyo "ngome ya Wareno" ililindwa na watu wa Faza.

Leo baadhi ya vitu hivyo vimo katika makumbusho ya ngome, na mbavu za merikebu zimebaki chini ya bahari. Kuzamia na kutazama mabaki ya namna hiyo hakuna ubaya. Ubaya ni kunyakua. Nasi twawasihi walimu wapelekao wanafunzi huko wasiishie kuuliza nani aliimiliki merikebu. Waulize pia: nani aliiunda, nani aliipakia, na nani alifia ndani yake?