Makauboi wa Léopoldville

Miaka ya 1950, vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walipenda sana filamu za makauboi wa Marekani. Wakajiita Bill, kwa jina la Buffalo Bill. Wakavaa kama makauboi, wakatunga na lugha yao, Hindubill, mchanganyiko wa Lingala na Kifaransa. Wakoloni wa Kibelgiji waliwaona wahuni tu. Lakini mji ulipolipuka tarehe 4 Januari 1959, watu wakidai uhuru, Bill nao walikuwa barabarani.

Mimi ni mzazi. Wangu wanamwiga Jet Li mpaka usingizini. Basi wazazi wenzangu, kabla hatujasema banda la video linatuharibia watoto hapa kambini, tuwaulize kwanza: huyo shujaa wenu, mnampendea nini?