Kwenu Kabisa
Kuanzia 1920, mwanamume Mwafrika aliyefanya kazi Nairobi alivaa kipande shingoni, kikionyesha jina, kabila na mwajiri wake. Mkoloni alimhesabu mgeni mjini: apige kazi, kisha arudi ushago. Lakini Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni watu walizaa. Watoto wa Waluo, Wakamba na Wakikuyu walichota maji kwenye mfereji mmoja, na humo mitaani Sheng ikakomaa.

Kipande kilifutwa, swali likabaki. Nilipoenda kuchukua kitambulisho niliulizwa, "Kwenu wapi?" Nikasema Jericho. "Hapana, kwenu kabisa." Nyanya yangu amezikwa Lang'ata, mamangu alizaliwa Makadara. Kwetu kabisa ni hapa, na sina pengine pa kuandika.