Mwegemeo
Kitenzi egemea hutaja kitendo cha mtu kuulaza mwili kwenye kitu kinachomzuia asianguke, na ndiyo maana nomino mwegemeo, yaani hali ya kuelemea upande mmoja wa siasa, humfaa msomaji kuliko hata mwandishi. Nchini Tanzania, kwenye meza za magazeti, mkereketwa wa CCM aliyenunua Uhuru, gazeti la chama chake, na wa Chadema aliyenunua Tanzania Daima, lililohusishwa na Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa chama hicho, na kufutiwa leseni mwaka 2020, mara nyingi walitafuta nguzo ya msimamo waliokuwa nao tayari, wala si habari mpya. Msomaji makini hana budi kusoma pia gazeti la upande asioupenda.