Safu ya Lugha: Tandiko, seruji, shogi

Kwa kuzoea bodaboda, siku hizi hapa Mtwara nasikia watu wakisema "siti ya farasi". Siti ni ya pikipiki. Farasi hutandikwa, na anachotandikwa ni tandiko. Lile la ngozi la mpandaji huitwa pia seruji, kutoka Kiarabu sarj. Shogi ni kitu kingine kabisa: makanda ya ukili anayobebeshwa punda, moja kila ubavu.

Tandiko lazima kwanza limkae mnyama. Hata seruji ya dresaji, mchezo wa farasi kwenda kwa madaha, yenye mbawa ndefu zilizonyooka ili mguu wa mpandaji ushuke vizuri, haifai ikigusa uti wa mgongo au ikipita ubavu wa mwisho. Pitisha vidole viwili au vitatu kati ya seruji na kilele cha mabega; visipopita, itamchubua. Mzigo nao, kama tandiko, humuumiza mnyama usipomfaa. Mpelelezi Livingstone alishukia Mikindani, huku kwetu Mtwara, mwaka 1866, baada ya kuona mdomo wa Ruvuma haufai kushushia ngamia. Alikuwa na punda na nyumbu pia. Njiani mbung'o waliwauma wanyama hao, naye akalalamika kwamba watu wake waliwapiga na kuwabebesha kupita kiasi.