Bibi Anatimiza Sitini Mara Mbili

Tarehe 1 Januari 2024 tulimpeleka bibi yetu hotelini, katikati ya mji wa Buffalo, kumsherehekea kutimiza miaka sitini. Tulitoka Tonawanda saa nne asubuhi, watu tisa katika magari mawili, bibi amevaa kitenge cha kijani na koti zito la baridi juu yake. Tulikuwa tumechanga tangu Septemba. Mlo wenyewe Wamarekani huuita branchi: si chai ya asubuhi wala si chakula cha mchana, ni vyote viwili kwa bei ya vitatu. Kulikuwa na samaki wa moshi, mayai yanayokaangwa mbele yako, nyama inayokatwa na mpishi mwenye kofia ndefu, na chemchemi ya chokoleti ambayo wadogo zangu hawakutaka kuondoka hapo. Bibi akazima mishumaa, 6 na 0. Tulipokuwa tunapiga picha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hii siku ni ya karani. Yangu bado."

Wenzangu wengi wa chama hiki wanalijua jambo hilo kutoka nyumbani kwao. Ukizitembelea familia za Wakongo, Wasomali na Warundi hapa Buffalo, utakutana na watu wengi ajabu waliozaliwa tarehe 1 Januari. Mkimbizi asiyejua tarehe yake anapoandikishwa, karani hukadiria mwaka na kujaza siku ya kwanza ya mwaka huo. Tarehe hiyo humfuata mtu hadi kwenye kitambulisho, leseni ya udereva na pensheni. Bibi alivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, vita vilipofika Fizi, akaandikishwa katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka huohuo. Alipoulizwa alizaliwa lini alijibu: "Mwaka wa Mulele." Karani, ambaye bila shaka alijua historia kidogo, akaandika 1964.

Zamani niliona aibu kwa jibu hilo. Sasa naona lilikuwa jibu kamili. Wazee wetu walikuwa na kalenda, ila waliihifadhi katika matukio na majina. Juma na Khamisi hutaja siku, Masika hutaja msimu, Mwamvita hutaja vita. (Sikujua hutaja mambo mengine, tuyaache.) Huko pwani, siku ya kuzaliwa iliyokusanya watu ilikuwa ya Mtume, Maulidi ya Lamu, yaliyokuzwa na Habib Swaleh wa Msikiti wa Riyadha, huwajaza wageni mjini hadi leo. Mtu wa kawaida kujifanyia siku yake kila mwaka haikuwa desturi.

Basi nikalichukua jibu la bibi kama ushahidi, nikaanza kusoma. Uasi wa Simba, ambao watu wa kwetu waliuita wa Mulele ingawa Pierre Mulele mwenyewe alipigana Kwilu, mbali sana magharibi, ulifika Uvira na Fizi mwaka 1964. Karani alikuwa sahihi hadi hapo. Lakini Fizi vita havikuisha mwaka huo. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, akakaa milimani na waasi hadi Novemba. Mwishoni mwa Septemba 1965 jeshi la serikali pamoja na mamluki wa Mike Hoare walishuka kwa mashua huko Baraka, na Oktoba wakaiteka Fizi.

Sasa, mama yake bibi alikuwa akisimulia mambo mawili bila kuyabadilisha: kwamba walikimbia Baraka usiku Wazungu waliposhuka na mashua, na kwamba bibi alizaliwa porini mvua za kupanda zilipokuwa zimeanza. Wazungu wa mashua ni wa 1965. Kwa hiyo bibi ni wa Oktoba 1965, au karibu sana na hapo, na ile asubuhi ya chokoleti alikuwa na miaka 58.

Mwalimu mmoja ataniuliza kama masimulizi yanaaminika. Si kila mara. Hapa kwetu husimuliwa kwamba Julai 1905 W. E. B. Du Bois na wenzake walikutana Fort Erie, ng'ambo ya mto Niagara, kwa sababu hoteli za Buffalo ziliwakataa. Baadhi ya watafiti wanalitilia shaka hilo, kwa kuwa tangu 1895 sheria ya New York ilikataza ubaguzi wa namna hiyo hotelini. (Mwaka uleule Mwingereza Guy Beringer aliandika makala ya kuitetea branchi, kwa ajili ya watu waliochelewa kulala Jumamosi.) Simulizi hupimwa. La bibi nimelipima kwa mashua, na kwa mvua.

Dada yangu alikuwa ameuliza mapema kwa nini tusimpikie nyumbani, fedha zibaki. Bibi hakujibu siku ile. Nilipata jibu baadaye. Baba yake, kabla ya kuhamia Baraka, alipiga pasi vitambaa vya meza katika hoteli moja ya Bukavu, enzi Wabelgiji waliuita mji huo Costermansville. Alivipiga pasi miaka mingi. Meza zilikuwa za Wazungu, na yeye hakuketi hata mara moja. Nikakumbuka kwamba bibi, kabla ya kugusa chakula, alikuwa amepitisha kiganja chake juu ya kitambaa cheupe, polepole, kisha akageuza ukingo wake kuangalia pindo.

Nilimwonyesha niliyoyapata. Akahesabu kwa vidole. Nikamwambia tunaweza kuomba tarehe ibadilishwe kwenye hati zake, ila watataka ushahidi, na waliomwona anazaliwa wote wamefariki. Akasema karani abaki na yake.

"Sitini yangu ni Oktoba 2025," akasema.

Tukamuuliza apikiwe nini: pilau, sombe, samaki? Anataka hotelini palepale, meza ileile ya dirishani. Tumeanza kuchanga.