Waridi la Jabal Akhdar

Wako wasemao ya kwamba waridi halisitawi pasipo dawa za viwandani. Historia yakanusha. Uwezo wa DDT kuua wadudu uligunduliwa mwaka 1939 na Paul Müller wa Uswisi; ilhali huko Jabal Akhdar, Omani, vizazi vya wakulima vilikuwa vimekwisha kulea mawaridi kwa samadi na maji ya falaji, yaani mifereji ya milimani. Alfajiri maua huchumwa, hupikwa tanurini, na mvuke wake ukipoa huwa marashi, ambayo hutiwa katika kahawa na halua. Basi kabla ya kuuliza waridi lataka dawa gani, yatupasa kuuliza lapandwa kwa ajili gani. Apandaye ua la kutazamwa huenda akajali sura yake tu. Anywaye ua lake hana budi kuchunga kila anacholitia.