Kosa la Namba Kumi

Nimefundisha hesabu miaka mingi, kwanza shule ya msingi na baadaye chuo cha ualimu, wala sikudhani kwamba siku moja ningeaibishwa na swali la kugawanya. Swali lenyewe lilihusu kumbukumbu ya kompyuta.

Hadi katikati ya miaka ya 1990, vijiti vya kumbukumbu, vile vyembamba vyenye chipu, vilipimwa kwa nanosekunde, yaani sehemu ya bilioni moja ya sekunde. Vilikuwapo vya 70 na vya 60, na namba ndogo ndiyo iliyokuwa na kasi. Kisha zikaja kumbukumbu zinazokwenda pamoja na saa ya ubao mkuu wa kompyuta, na kipimo kikageuka kuwa megahezi, mapigo milioni kwa sekunde. Sasa namba kubwa ndiyo ikawa na kasi. Mapigo yalianza 66. Mwaka 1998 kampuni ya Intel ilileta chipu za 440BX za kuongoza ubao mkuu, yakapanda hadi 100. Mwaka uliofuata yakaja ya 133. Mwalimu akigeuza kipimo katikati ya somo hulaumiwa, lakini viwanda havina mkaguzi.

Mwaka 2000 chuo chetu kilikuwa na kompyuta nne zenye ubao wa mapigo 100, nazo zilihitaji kumbukumbu zaidi. Fedha zilitokana na mahindi ya shamba la chuo, kwa hiyo nilikwenda mjini kununua mwenyewe. Nikakuta vijiti vya bei nafuu, chipu zake zimeandikwa 10 mwishoni. Nikapiga hesabu palepale: sekunde moja ukiigawanya kwa nanosekunde 10, unapata mapigo milioni 100. Barabara!

Mkufunzi kijana aliyesimamia chumba cha kompyuta alivitazama, akasema, "Samahani Mkuu, hivi ni vya 66." Nikamwandikia hesabu yangu kwa chaki. Akanyamaza kwa heshima.

Kugawanya kwangu hakukuwa na kosa. Lakini ishara za umeme nazo huhitaji muda wa kusafiri baina ya chipu na ubao, kwa hiyo kiwango cha 100 kwa kawaida kilitaka chipu za nanosekunde 8, ibaki nafasi ya kupumua. Za 10 aghalabu zilikuwa za ubao wa 66. Laiti ningenunua vya 133! Kijiti chenye kasi kuliko ubao kwa kawaida hupunguza mwendo, kikafuata ubao.

Kompyuta ziliwaka, na huo ndio uliokuwa ubaya wenyewe. Baada ya siku kadhaa zikaanza kuganda, na usiku mmoja faili la alama za mazoezi ya kufundisha likaharibika. Wanachuo walisubiri wiki mbili tukikusanya alama upya kutoka madaftari ya wakufunzi. Mimi nikamwandikia yule kijana barua ya onyo kwa uzembe.

Siku hizi kila kizazi cha kumbukumbu kina pengo lake, kijiti kisichohusika hakiingii. Ndani ya kizazi kimoja bado kuna kasi nyingi, na ukichanganya viwili, chenye kasi huburutwa na mwenzake.

Mwaka uliofuata fundi alizisoma zile chipu, akacheka. Kijana alikwisha kuhamishwa, na onyo langu limo katika jalada lake. Nikamwandikia kumwomba radhi. Alijibu kwa upole, na mwishoni akauliza kama vile vijiti tumekwisha kuvitoa. Vilikuwa bado vimo.